Pesa Iko, Lakini Haiko

Mimi ndiye sikio la Bunge la Kaunti.
Nakaa chini ya Spika, kushoto kwa siwa,
visikizi kichwani, na kila kinachotamkwa
nakichapa, nakipiga pasi, nakitia nukta.
Mheshimiwa akianguka katikati ya sentensi
namwokota, namfuta vumbi,
namsimamisha penye kitenzi.
Kazi yangu ni kuwafanya wasikike
kama watu waliofikiri kwanza.

Leo Jumanne. Mswada wa bajeti umerudi
mara ya tatu kutoka kwa Gavana,
haujatiwa sahihi, na juu yake
waraka wa kurasa kumi na moja.
Anasema fedha za wadi zipunguzwe.
Bunge linasema isiguswe hata shilingi.

Usiniambie habari za fahali wawili.
Nyasi hazidaiwi kodi ya nyumba.
Nyasi hazina mtoto wa darasa la sita
anayerudishwa langoni na barua.

Mishahara yetu iko ukurasa wa arobaini na mbili.
Tarakimu zake nimezichapa kwa vidole hivi
mara tatu,
na mara tatu sijazishika.

Nakaa Ponda Mali.
Aliyeupa mtaa jina hilo simjui;
aliimega methali, akaacha nusu yake njiani,
na ile nusu ya kufa kwaja
hutuletea Baba Gathoni, tarehe tano,
mlangoni, na kitabu cha risiti.
Mwezi wa kwanza alikohoa tu.
Wa pili alibisha.
Huu wa tatu ameng'oa balbu ya koridoni
na sasa twapapasa ukuta kutafuta tundu la ufunguo,
mimi na muuguzi wa zahanati ya Langa Langa,
naye wa kaunti, naye wa ukurasa wa arobaini na mbili.

Mheshimiwa Chepkurui akasimama:
tuupindue waraka huu, thuluthi mbili zapatikana.
Wakahesabiwa. Akapungua mmoja.
Huyo mmoja nilimwona kupitia kioo,
yuko kantini, anaipulizia sambusa.

Sheria ya kazi yangu ni fupi:
kisemwacho maikrofoni imezimwa hakikusemwa.
Basi sikumsikia mwenyekiti wa kamati ya fedha
akimwinamia jirani yake na kusema,
"Hawa wamezoea. Watangoja."
Sikusikia.
Hata jirani alipocheka, sikusikia.

Kisha taa nyekundu ikawaka, akakohoa,
akaliambia Bunge zima:
"Pesa iko, Mheshimiwa Spika, lakini haiko."
(Makofi.)

Saa mbili usiku. Ofisi ina mimi
na Bi. Jerotich mhariri, ambaye viatu vyake
vimelala chini ya meza, vichovu kuliko yeye.
Nje upepo wa Menengai unatikisa mabati ya gereji.
Narudisha sauti nyuma, nairudisha tena.
Najua ninavyopaswa kuiandika:
Fedha zimetengwa, ila hazijatolewa.
Safi. Ya kiungwana. Mtu angeisoma miaka hamsini ijayo
na kudhani tulikuwa na utaratibu.

Kerubo anaingia na ufagio.
Anafagia waraka, kurasa zake zote kumi na moja,
na tishu, na ganda la njugu.
Yeye ni kibarua, hayumo hata ukurasa wa arobaini na mbili;
yumo kwenye "matumizi mengineyo",
baina ya sabuni na maua ya lango kuu.
"Wamesema nini leo?" ananiuliza.
Namvika visikizi.
Anasikiliza, ufagio umeegemea bega.
Hacheki. Anasema, "Huyo leo amesema kweli,"
anavivua, anainama chini ya meza yangu,
"inua miguu."

Nainua miguu.
Bi. Jerotich anasoma kwenye skrini yake,
anasogeza miwani, anauona ule mstari
nilivyouacha, haujapigwa pasi,
na kidole chake kinakaa juu ya kitufe cha kufuta
muda mrefu kidogo,
halafu kinashuka kutafuta kiatu.